Reli ya Palma Iliyopita Juu ya Mikoko

Kisa hiki ni cha kutunga, ila ardhi inayosimuliwa ni ya kweli.

Kijana mmoja wa Mtwara, ambaye mama yake ni mzaliwa wa Palma, alipenda treni bila kuwahi kupanda hata moja. Alizipata kwenye kompyuta. Simuleta ya treni iliyomnasa ni ile ya Microsoft ya mwaka 2001, yenye njia mbili za Japani: ya Odakyu, inayotoka Tokyo kwenda Hakone, na ya Hisatsu, inayopanda milima ya Kyushu kwa kujizungusha na kurudi kinyumenyume. Faili zake bado husomeka kwenye programu ya bure ya Open Rails, na kijana akajifunza kujenga njia zake mwenyewe. Aliyoitaka kuliko zote ilikuwa moja: kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia, mwendo usiofika kilomita 100, kwenye pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, isiyo na reli hata leo.

Lilikuwa wazo jema, na lilianza vizuri. Reli za Msumbiji zina upana wa milimita 1,067, sawa na reli nyingi za Japani. Mabehewa ya Kijapani yakakaa juu ya njia yake bila kurekebishwa chochote. Hapo ndipo alipoponzeka, kwa sababu magurudumu yalipokubali aliona na mengine yote yatakubali. Akapakua stesheni kubwa yenye paa la vigae, nyumba za ghorofa mbili, nguzo za zege, msitu wa miti ya sugi, majaruba ya mpunga yaliyopimwa kwa kamba, na lango jekundu la hekalu. Akavipanga toka Palma kuteremka kusini, kilomita baada ya kilomita.

Mpunga hulimwa Cabo Delgado, ni kweli. Lakini majaruba ya huku hufuata bonde lenye maji popote linapopinda, hayakatwi pembe nne. Na nyumba za simuleta huvalishwa picha za kuta, mara nyingi zikiwa na kivuli chake kilichopigwa pamoja nazo. Karibu Japani yote iko kaskazini ya tropiki, kwa hiyo jua la adhuhuri huko huwa kusini mwaka mzima. Palma iko karibu nyuzi 11 kusini ya ikweta, na mwezi wa Julai jua la adhuhuri huwa kaskazini. Kuta alizozigeuzia kusini ziling'aa pale zilipostahili kuwa gizani. Mtu anaweza kuitazama picha ya namna hiyo saa nzima, akahisi kuna kitu hakiko sawa, asiweze kukitaja.

Ukubwa wa vitu alivyopakua nao ulimgharimu. Kompyuta huchora kila kigae cha paa kwa pembetatu ndogondogo, na huzichora upya mara nyingi kila sekunde. Fundi mzoefu hutengeneza jengo lile lile kwa hatua tatu au nne, la mbali likiwa sanduku tupu lenye rangi. Kijana hakufanya hivyo. Treni ikifika karibu na stesheni ilikwama, ikaruka, ikakwama tena. Badala ya kupunguza, akaanza kuweka akiba anunue kompyuta yenye nguvu zaidi.

Siku moja alimwita mjomba wake aje aone. Mzee huyo ni mvuvi, aliyevuka mto Ruvuma baada ya Palma kushambuliwa na waasi tarehe 24 Machi 2021.

"Mjomba, tazama. Hii ndiyo Palma."

Mzee akasogeza kiti, akatazama kwa muda mrefu.

"Maji haya hayatoki?"

"Yanakaa hivyo hivyo."

"Na kilima hiki cha ufukweni ni cha wapi? Hapa ni mikokoni, mjomba. Hapa ndipo tulipokuwa tukifunga mashua."

Kijana hakukitunga kilima kile. Alikichukua kwenye vipimo vya rada vilivyofanywa kutoka chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, ambavyo wajenzi wengi wa njia huvitumia. Penye msitu, rada ile haikufika ardhini. Ilipima karibu na vilele vya miti, kiasi kwamba wanasayansi waliitumia kukadiria urefu wa mikoko ya Msumbiji. Asiyejua hilo hupata kilima palipo na tope, na hujenga tuta la reli juu yake akidhani amepata mahali pakavu. Maji nayo simuleta huyalaza bapa, ilhali siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa kwenye pwani hiyo hukaribia mita 4.

Ninaloliona zito zaidi ni kwamba mfano wa kosa lake alikuwa ameukalia. Mtwara ilikuwa na reli. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe wa kukagua ardhi ya kulima karanga Tanganyika. Ulikaa wiki 9 tu, na sehemu kubwa ya nchi uliiona kutoka ndegeni. Kwa ajili ya mpango huo ikatandikwa reli ya kusini kuelekea Nachingwea, na Mtwara ikajengewa bandari ya kina kirefu. Karanga hazikuja. Mpango ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza kama pauni milioni 36. Bandari ikafunguliwa mwaka 1954, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa kwa kukosa mizigo. Wale walikuwa na fedha za serikali na matrekta, kijana wetu ana kompyuta tu, lakini wote walianza na kubwa lililo tayari kabla ya kuuliza wenyeji udongo ukoje.

Na Cabo Delgado si mahali pa kufunikwa kwa vitu vya kuazima. Tangu uasi ulipoanza Oktoba 2017, vijiji vingi vya pwani hiyo vimechomwa au kuhamwa. Mocímboa ilishikwa na waasi kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021. Rasini Afungi, watu wa Quitupo walihamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi, hivyo picha ya setilaiti ya miaka ya nyuma huonyesha nyumba ambazo hazina tena wenyewe. Anayeijenga pwani hii upya kwenye kioo anashika kumbukumbu ya watu walio hai. Akiweka lango la hekalu la Kijapani mahali pa msikiti, mtoto aliyezaliwa ukimbizini atakua akidhani ndivyo kwao palivyokuwa.

Kijana alifuta karibu yote. Alianza na kilima: akakishusha hadi usawa wa tope, akapanda mikoko kwa urefu ambao mjomba alimwonyesha kwa mkono. Wakabishana siku nzima kuhusu mahali njia ya kwenda sokoni inapokatiza, mpaka mama akaitwa kuamua. Treni za Japani amezibakiza, kwa kuwa upana wa reli ni ule ule. Stesheni sasa ni banda refu lenye paa la bati, na treni inaingia bila kukwama.