Tulimcheka kwa herufi alizozisoma

Tabora, darasa la Kifaransa. Mwenzetu kasimama, kasoma "ils parlent" hivi: i-li-si pa-ri-le-nti. Tukaangua kicheko, mimi wa kwanza. Mpaka leo najiuliza, alikosa nini hasa?

Alisoma alichokiona. Kiswahili kimetulea hivyo: wa-na-se-ma, silabi nne, kila moja inaishia kwa irabu, hakuna herufi inayokaa bure. Tena mtenda anatangulia. Ukisikia "wa-" umeshajua ni wengi. Kifaransa kinaandika -ent ya wengi halafu kinainyamazisha. "Il parle" na "ils parlent" sikioni ni kitu kimoja. Mpaka kitenzi kianze na irabu, kama "ils aiment", ndipo ile s inafufuka kuwa z: il-zem. (Hapo ndipo nami nilipochoka.)

Sawa, matamshi yana kanuni, na mwalimu lazima arekebishe. Ila sisi hatukuwa tunarekebisha. Tulikuwa tunajitenga naye, tuonekane tumeshafika Paris, wakati tulimtangulia siku mbili tu.

Na tunacheka tukiwa wapi? Kiswahili chenyewe kilipanda huku na misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, kikipita Tabora hapa hapa. Wapagazi wa Kinyamwezi walijifunza kwa sikio, njiani, mzigo begani. Wangesubiri kwanza watamke kama mtu wa Mrima ndipo wafungue mdomo, kisingefika.

Mwalimu alimsahihisha vizuri tu, kwa upole. Lakini muhula ule mwenzetu hakunyoosha tena mkono.