Kodi ya Serikali na Kodi ya Nyumba

Masomo: Mathayo 27:3-10; Luka 3:12-14; Yohana 19:23-24

Tunawasalimu ninyi mnaokaa hapa Kagugu na sehemu nyingine za Kinyinya, na ninyi ndugu zetu mnaosoma karatasi hii mkiwa Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa, ambako inafika kwa mikono ya wasafiri. Maisha ya mji ni magumu, lakini Mungu ametuvusha tena mwezi mwingine, na jina lake litukuzwe.

Neno la leo ni juu ya kodi. Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa mambo mawili: kodi anayodai serikali, na kodi anayodai mwenye nyumba tarehe zikifika. Ile ya kwanza imezungumzwa sana katika nchi hii, redioni na ndani ya basi. Ile ya pili inazungumzwa usiku, baba na mama wakidhani watoto wamelala. Sisi wazee wa kanisa tumeona tuziseme zote mbili pamoja, kwa sababu zimekutana katika nyumba zetu, tena zimekutana ndani ya kikapu cha sadaka.

Mnakumbuka kwamba Februari 2025 Baraza la Mawaziri la Rwanda lilikubali mabadiliko makubwa ya kodi, na sheria zikafuata katika mwaka huohuo. Kodi ya bia ilitoka 60% ikaenda 65%. Pakiti ya sigara iliyokuwa inalipiwa franga 130 ikawekwa 230. Simu zilizokuwa zimesamehewa TVA zikarudishwa. Lakini pigo kubwa lilikuwa kwa michezo ya bahati. Sheria ya 2012 ilitaka kampuni ya kamari itoe 13%, nayo ikapandishwa hadi 40%. Mwenye kushinda aliyekuwa anakatwa 15% sasa anakatwa 25%. Kabla ya hapo, mwaka 2024, kazi ya kutoa leseni na kuangalia makampuni hayo ilikuwa imetolewa kwenye Wizara ya Biashara na Viwanda ikapewa RDB, ili iwe na usimamizi mkali zaidi.

Maneno yakawa mengi. Wengine walishangilia, wakisema afadhali kamari ilipe kuliko kupandishiwa sabuni. Wengine wakasema kodi ikizidi, vijana watahamia makampuni ya nje yanayochezwa kwenye simu bila leseni, na serikali itakosa vyote viwili. Hoja hiyo si ya kudharau. Majirani zetu Kenya walipita njia hiyo: mwaka 2019, baada ya ugomvi wa kodi na leseni, SportPesa na Betin zilifunga kazi na watu wakapoteza ajira. Kubeti hakukuisha Kenya. Vijana walihamia kwa wengine.

Sisi wakimbizi hatupigi kura katika nchi hii, na si kazi ya kanisa kumfundisha waziri hesabu. Watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji pale Yordani, Luka 3, Yohana hakuwaambia waache kutoza. Aliwaambia wasizidishe kuliko walivyoagizwa. Basi kodi ya halali tunailipa, na TVA ya 18% kwenye sabuni tunailipa kama kila mtu. Hapo hatuna ugomvi.

Lakini tuhesabu pamoja polepole, maana siku ya ibada tuliona wengi hawakufahamu ile 40% ni ya nini. Tuseme watu wa mtaa wameweka kwenye kubeti jumla ya franga 1,000,000. Kampuni ikawalipa walioshinda 800,000. Inabaki 200,000. Serikali inachukua fungu lake katika hizo 200,000. Zamani ilipata 26,000, sasa inapata 80,000. Na yule kijana aliyeweka 1,000 akapata 21,000, ameongeza 20,000. Hizo ndizo zinazokatwa, zamani 3,000, sasa 5,000. Hesabu ndiyo hiyo.

Sasa tuulize: zile 200,000 zilizobaki ni za nani? Ni za walioshindwa. Hakuna shamba lililolimwa, hakuna nguo iliyoshonwa, hakuna abiria aliyebebwa. Mahali ambapo hakuna aliyepoteza, hakuna faida ya kampuni, wala hakuna kodi ya kuchukua. Hata ile furaha ya aliyeshinda imetoka mfukoni mwa jirani yake. Wanyarwanda wenyewe waliziita zile mashine za kutumbukiza sarafu ikiryabarezi, na mwanzo wa jina hilo ni kula. Aliyelitunga jina alikuwa ameketi karibu nayo muda wa kutosha.

Sasa wapendwa, tunaingia kwenye jambo lenyewe, na hapa tunajikiri sisi wenyewe.

Kijana mmoja wa kwaya alikuja Jumapili akiwa na bahasha ya franga 20,000, fungu la kumi. Tulijua kazi yake, anabeba matofali na mchanga kwenye nyumba zinazojengwa huku kwetu, na pesa hiyo ilikuwa nyingi kwake. Hatukuuliza. Tulimwita mbele, tukamwombea, kanisa likapiga makofi, wamama wakapiga vigelegele. Alipotoka nje aliwaambia rafiki zake kwamba alikuwa amebeti mpira wa Ulaya akapata 200,000. Habari ilitufikia siku ileile. Tukanyamaza. Tulikuwa tumeshakubaliana kununua viti vya plastiki, tukavinunua vitatu.

Haikupita miezi mitatu, mama mmoja wa kanisa akabisha hodi kwa mzee saa mbili usiku, mtoto mgongoni. Mwenye nyumba alikuwa amefunga mlango kwa kufuli yake, vyombo vikiwa ndani. Kodi ya miezi miwili, 80,000, mume alikuwa amepewa akalipe, naye akaipeleka kwenye kubeti, kidogo kidogo, akitaka kuirudisha ile aliyopoteza kwanza. Tulimwita baba yule. Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno makali, na Mithali 13:11 tulikuwa tumeifungua juu ya meza, pale Sulemani anaposema juu ya mali inayopatikana kwa haraka. Baba alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Kisha akauliza kwa upole: wazee wangu, ile ya yule kijana mbona mliipokea?

Usiku ule hatukuwa na jibu.

Tulirudi kwenye Maandiko, na Maandiko hayakutubembeleza. Mathayo 27 inasimulia Yuda akizirudisha zile fedha thelathini, akazitupa hekaluni. Wakuu wa makuhani wakaziokota. Wakashauriana, wakaona si halali kuziweka katika hazina kwa kuwa ni thamani ya damu. Angalieni watu hawa. Fedha hizo zilipotoka kwao kwenda kwa Yuda, hawakuona shida. Ziliporudi ndipo wakakumbuka sheria. Wakanunua shamba la mfinyanzi liwe mahali pa kuzikia wageni. Wageni, wapendwa! Watu kama sisi. Neno hilo tulikuwa tumelipita miaka yote bila kusimama. Fedha ya aibu ikatafutiwa kazi njema, ikapewa wageni, na kila mtu akaenda nyumbani akiwa na amani.

Mzee mmoja kati yetu alisema tumsaidie mama yule kwa kuviuza vile viti. Mwingine akacheka kwa uchungu, akasema, basi tutakuwa tumenunua shamba la mfinyanzi kwa mara ya pili. Tulibishana hadi usiku wa manane. Yupo aliyesema kwamba serikali inapokea 40% na kujenga barabara na shule, na sisi tunapita kwenye barabara hizo, watoto wetu wanasoma shule hizo, kwa nini kanisa lijifanye safi kuliko waziri? Tulimjibu kwamba serikali haimwiti mwenye kushinda mbele ya watoto na kumpigia makofi. Sisi tulimwita. Serikali inamkata. Sisi tulimbariki. Na baba yule alikuwa ameketi benchi la tatu, akaona.

Mtauliza, kwani mitume hawakupiga kura ili kumpata Mathiya, Matendo 1? Walipiga. Lakini Mathiya alipochaguliwa hakuna mke aliyefungiwa mlango. Kura iliyofanana na hizi za kwetu ni ile ya askari chini ya msalaba, Yohana 19. Walikuwa wameinama, macho kwenye vazi, wakitaka kujua nani atalipata, na juu ya vichwa vyao mtu alikuwa anakufa. Hawakuinua macho. Tukiwaona vijana wetu wameinamia simu jioni pale kwenye kituo cha moto, ndicho tunachokikumbuka.

Tusiwahukumu vijana upesi, hata hivyo. Sisi wakimbizi tumelelewa katika kungoja jina letu liitwe. Nani asiyejua? Familia mbili zimekimbia Masisi usiku mmoja, zimekaa miaka ileile kwenye kambi, moja inaitwa kwenda Marekani na nyingine haiitwi, wala hakuna anayejua sababu. Waliokaa Gihembe wanakumbuka kambi ilipofungwa mwaka 2021, wengi wakapelekwa Mahama. Mwaka uleule WFP ilitangaza kupunguza msaada wa chakula kwa 60%. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na kati yetu wamo waliokuwa wamemaliza mahojiano na vipimo, wameuza magodoro. Mtu aliyeona maisha yake yakiendeshwa hivyo miaka ishirini, ukimwambia bahati si njia, anakutazama tu. Ameona nini kingine? Hata wazazi wetu, mwaka 1991, walisikia habari za Bindo kule Kinshasa, watu wakipeleka pesa ili izae bila kazi, na wengi waliopeleka hawakuiona tena. Njaa ya muujiza haikuanza na simu.

Tofauti ipo, na lazima tuiseme. Aliyengoja jina liitwe hakumnyang'anya jirani kitu. Aliyebeti anangoja jirani ashindwe. Tena yule anayengoja anaweza kulima, kushona, kubeba mchanga, huku anangoja. Yule wa kubeti, pesa ya kuanzia hata genge la nyanya imekwisha, na usingizi umekwisha pia.

Basi haya ndiyo tuliyokubaliana, na tunawaandikia myajue.

Fedha ya kamari hatutaipokea madhabahuni, hata ikiwa imekatwa 25% na ina risiti. Kodi inaifanya iwe halali mbele ya RRA, na hatusemi neno juu ya hilo. Hatutasimama mlangoni kupekua bahasha. Lakini mtu hataitwa mbele tena kwa sababu ya ukubwa wa sadaka, iwe ya kamari au ya biashara. Hilo lilikuwa kosa letu kabla kamari haijaingia, na wajane wanaotoa sarafu walikuwa wameliona zamani.

Kijana wa kwaya tulimwendea nyumbani. Hatukumfukuza kwenye kwaya, maana tungemfukuza kwa kosa tulilolipigia makofi. Tulimwomba msamaha. Alishangaa, kisha akatuambia kwamba zile 180,000 zilizobaki zilirudi zote kwenye kubeti ndani ya wiki tano. Ile 20,000 ya kanisa ndiyo pekee iliyopona. Alisema hivyo akitabasamu, sisi hatukuweza kutabasamu.

Wamama wanaopewa pesa ya nyumba wasione haya kuilipa wenyewe kwa mwenye nyumba kwa MoMo, siku inapopatikana. Baba asiseme amedharauliwa. Sheria ya nchi imekataza kamari kwa walio chini ya miaka 18, kwa hiyo mzazi anayemtuma mtoto apeleke karatasi ya kubeti anamvunjisha mtoto sheria. Tumeona jambo hilo hapahapa. Na kila Jumatano baada ya maombi, wanaume watano hukaa kwenye vile viti vitatu na benchi moja, wanahesabiana mbele ya Mungu walichopata kwa wiki na kilikokwenda. Mlango uko wazi. Anayekuja haulizwi amepoteza kiasi gani.

Kufuli ya nyumba ya mama yule ilifunguliwa. Kila nyumba ya kanisa ilitoa kidogo, hata waliokuwa na deni lao wenyewe, na mwenye nyumba akakubali kungoja sehemu iliyobaki. Baba tulimwomba ruhusa kabla ya kuandika. Alikubali. Alisema tuongeze kwamba kodi ya mwezi huu ameilipa mwenyewe, siku tatu kabla ya tarehe, na kwamba bado anadaiwa 35,000 ya zamani.

Ndugu zenu katika Kristo,
wazee wa kanisa, Kagugu