Breki Kwanza, Shokapu Baadaye: Nasaha kwa Vijana Wanaonunua Baiskeli ya Milimani

Wanangu, nasema nanyi mnaojiwekea akiba ya kununua baiskeli ya milimani. Nawaona Jumamosi asubuhi mkipandisha kuelekea Marangu na Machame. Nasikia habari za wenzenu wa Lushoto wanaozunguka njia za Usambara hadi Mtae, na wa Kenya wanaoingia msitu wa Karura au kukatiza Hell's Gate kule Naivasha, hifadhi ambamo mtu huruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya punda milia na twiga. Mchezo huu hujenga kifua, humtoa kijana kijiweni na kumwonyesha nchi yake. Nauombea heri, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kunyamaza nikiona mnavyonunua.

Mnanunua kwa macho. Kijana anaingia dukani, anaiona baiskeli yenye springi mbele na nyuma, rangi kali, maandishi makubwa na gia 21, bei yake karibu sawa na ile nyeusi ya Phoenix iliyosimama pembeni. Anatoa pesa papo hapo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiyo baiskeli inajitembeza kweli.

Neno langu kwenu ni hili: pesa ikiwa ndogo, nunua vitu vichache vilivyo imara. Kiwanda hakitoi sadaka. Kila pambo lililoongezwa kwenye baiskeli ya bei nafuu limelipiwa kwa kupunguza kitu kingine, na mara nyingi kilichopunguzwa ni kile kinachoulinda uhai wako: breki, magurudumu, fremu. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Itazameni hiyo ya shokapu mbili za bei ya chini. Uzito wake unaweza kufika kilo 17 au 18. Springi ya nyuma haina chochote cha kuituliza, kwa hiyo ukipita kwenye mawe inakurusha badala ya kukushikilia. Ukipanda mlima, kila unapokanyaga pedeli sehemu ya nguvu zako inaishia kuibonyeza springi. Viungio vya fremu vimewekewa bushi dhaifu. Baada ya masika moja vinalegea, na spea zake hazipatikani Moshi wala Kariakoo. Baadhi ya baiskeli za namna hii zina kibandiko kidogo kinachoonya kwamba zisiendeshwe nje ya barabara. Yaani unauziwa umbo la baiskeli ya milimani, huku mtengenezaji mwenyewe amekataza isipelekwe mlimani. Kisomeni kibandiko kabla ya kusoma bei.

Historia ya mchezo wenyewe inafundisha mpangilio ulio sahihi. Mwaka 1976 vijana wa Marin, California, karibu na mlima Tamalpais, walianza kushindana kuteremka njia ya vumbi iliyoitwa Repack, yenye urefu wa kilomita kama 3 na mteremko wa karibu mita 400. Walitumia baiskeli nzito za kizamani zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume. Walipofika chini, grisi ndani ya habu ya nyuma ilikuwa imeungua kwa joto la breki, na ilibidi ipakwe upya kabla ya kuteremka tena. Vijana hao walihangaikia kwanza breki zenye nguvu, gia za kupandia, na fremu isiyovunjika. Mwaka 1977 Joe Breeze aliunda fremu iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Shokapu za mbele zilianza kuenea takriban mwaka 1990, zaidi ya miaka kumi baadaye. Waanzilishi wa mchezo waliteremka milima miaka yote hiyo bila shokapu. Bila breki hawakuweza.

Basi kabla hujaingia dukani, jiulize utapita wapi siku nyingi za mwaka. Safari moja ya ndoto isikuchagulie baiskeli.

Kama ni ya kwendea shule au kazini kwenye barabara ya vumbi, na mlimani ni mara mojamoja mwisho wa wiki, chukua isiyo na shokapu kabisa, au yenye ya mbele tu iliyo nyepesi. Iwe na tairi za upana wa inchi 2 hivi na matundu ya kufungia karia. Uma mgumu wa chuma hauna mafuta ya kuvuja, na hautakudai matunzo yoyote zaidi ya kuuepusha na kutu.

Kama unapenda safari ndefu, kupanda sana na kushindana, hapo nunua yenye shokapu ya mbele pekee, inayobonyea milimita 100 hadi 120. Hiyo itakupeleka karibu kila mahali katika nchi zetu. Njia ya Congo Nile ya Rwanda, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, huendeshwa vizuri na baiskeli ya aina hii, na wepesi wake utaushukuru kwenye kila kilima.

Kama moyo wako uko kwenye miteremko mikali ya mawe na mizizi, hapo ndipo shokapu mbili za milimita 140 hadi 160 zina kazi. Lakini uwe na pesa yake. Katika masoko ya Ulaya na Marekani, baiskeli mpya ya kuaminika yenye shokapu ya mbele huanzia karibu dola 500 au 600, na ya shokapu mbili inayostahili jina hilo huanzia karibu dola 1,500. Ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji mpaka ifike Arusha au Kampala. Kisha kuna matunzo: kampuni ya RockShox, kwa mfano, huelekeza kwamba miguu ya chini ya shokapu zake za mbele ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa mafuta mapya kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kama mjini kwako hakuna fundi wa kazi hiyo, na wewe mwenyewe hujajifunza, unanunua mzigo.

Sasa breki. Msidharau zile za kubana rimu. Zikifungwa vizuri zinasimamisha baiskeli barabara, na mpira wake unauzwa hata dukani kijijini. Udhaifu wake ni tope, na rimu ikipinda zinashikashika. Breki za diski zinashinda kwenye tope, ila diski zina tabaka. Diski za waya za bei ya chini kabisa ni dhaifu na hutaka kukazwa kila mara. Baadhi yake hazifikii hata breki nzuri ya rimu. Diski za mafuta zilizo nzuri, hata za daraja la chini la Shimano, zinaisimamisha baiskeli kwa kidole kimoja. Hizo zinahitaji fundi anayejua kutoa hewa kwenye mfumo na kuweka mafuta yaliyoandikwa na kiwanda. Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Ukiwekewa mafuta ya breki ya gari, mipira ya ndani inaharibika, na utagundua hivyo ukiwa kwenye mteremko. Ukilazimika kuchagua kati ya shokapu bora na breki bora, chukua breki bila kufikiri mara mbili.

Kwenye gia, wingi usikuhadae. Gia 21 ni chenwili tatu za mbele mara saba za nyuma, na nyingi kati yake zinarudiana. Muhimu ni gia nyepesi ya kupandia na mfumo unaobadilika bila kugoma. Daraja za Shimano za milimani, kutoka chini kwenda juu, kwa miaka mingi zilikuwa Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore, SLX, XT na XTR. Kwa matumizi ya kawaida Altus au Acera inatosha. Kwa anayepiga milima kila wiki, Deore ndiyo inayorudisha thamani ya pesa. Kuna hila ya kuijua: baadhi ya wauzaji huweka kibadilisha gia kizuri cha nyuma, kwa sababu ndicho mnachokitazama, halafu habu, breki na mikono ya pedeli ni ya daraja la mwisho. Kagua baiskeli nzima.

Itazame habu ya nyuma hasa. Baiskeli rahisi zina friwili ya kuzungushwa kwenye nyuzi. Muundo huo huacha kipande kirefu cha ekseli upande wa cheni bila kushikwa na beringi, na kwa mtu mzito au njia ya mawe ekseli hupinda, hata hukatika. Zilizo bora hutumia habu ya kaseti, ambayo beringi yake ya upande huo hukaa karibu na ukingo wa fremu. Muulize muuzaji bila haya: hii ni friwili au kaseti? Asiyejua kujibu asikushauri la kununua.

Kuhusu ukubwa wa magurudumu, dunia imehamia inchi 29 na 27.5, kwa kuwa gurudumu kubwa hupanda juu ya mawe kwa urahisi. Hata hivyo huku kwetu mitumba mingi ni ya inchi 26, na tairi na tyubu zake zinapatikana hata gulioni. Wa vijijini asione aibu kuchagua 26. Na muwe macho na namba: tairi ya 28 ya baiskeli nyeusi za kubebea mizigo ina kipenyo cha milimita 635 pale inapokaa kwenye rimu, ilhali ya inchi 29 ya milimani ni 622. Hazikubaliani hata ukipiga nyundo. Soma ubavuni mwa tairi: 559 ni inchi 26 ya milimani, 584 ni 27.5, na 622 ni 29. Nanyi mnaopita kwenye migunga mnaijua miiba yake. Mwenye rimu na tairi zinazokubali kutumika bila tyubu aweke majimaji ya kuziba matundu ndani ya tairi, na pancha zitapungua sana. Asiye nazo abebe tyubu ya akiba, viraka na pampu. Tumaini haliwezi kujaza upepo.

Fremu iwe ya kipimo cha mwili wako. Simama katikati ya baiskeli, miguu chini. Kati ya bomba la juu na mwili pabaki nafasi ya sentimita kadhaa. Mikono ifike kwenye usukani bila kujinyoosha kama unayedaka kitu. Mabinti, msikubali kuuziwa fremu ya kaka mrefu kwa maneno kwamba siti inashushwa. Siti hushuka, lakini urefu wa fremu haupungui. Kuhusu malighafi, alumini ni nyepesi na inatosha. Chuma kizuri ni kizito kidogo, lakini fundi wa kuchomelea yuko kila mji. Fremu ya kaboni iliyotumika iogope, maana ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi.

Mtumba mzuri unaweza kukupa baiskeli bora kuliko mpya ya bei ileile, mradi uikague mchana, kwenye mwanga. Pitisha kidole kwenye viungo vyote vya fremu, hasa nyuma ya shingo ya usukani na panapokaa ekseli ya pedeli, ukitafuta ufa au rangi iliyojikunja. Zungusha magurudumu uone kama yanayumba. Bonyeza shokapu: ikirudi kwa kishindo, au ikiacha pete ya mafuta, pesa ya kuitengeneza ipunguzwe kwenye bei. Pima cheni, kwa sababu cheni iliyorefuka imeshazila sproketi, nawe utanunua vyote kwa pamoja. Kisha ipindue usome namba iliyogongwa chini ya fremu, na udai risiti yenye namba hiyo. Baiskeli isiyo na maelezo ni mali ya mtu anayeililia mahali fulani. Muislamu au Mkristo, usiiguse.

Pesa uliyonayo usiimalizie yote kwenye baiskeli. Tenga angalau robo. Hapo itoke kofia ngumu iliyothibitishwa kwa viwango, kama EN 1078 vya Ulaya au CPSC vya Marekani, na ikaze kichwani bila kucheza. Itoke pampu, bisibisi na spana za pembe sita, mafuta ya cheni, na seti ya pili ya mipira ya breki. Kofia iliyokwisha kugongwa kwenye ajali itupwe, hata kama haionyeshi ufa. Kijana mwenye baiskeli ya bei kubwa na kichwa kitupu ananihuzunisha kuliko asiye na baiskeli.

Ukishanunua inayokufaa, acha kuchungulia za wenzako. Mchagua nazi hupata koroma. Ustadi haununuliwi dukani. Pale Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah aliwafundisha vijana kuendesha baiskeli za milimani kwenye vilima vya nyumbani, na mmoja wao, Chris Froome, alikuja kushinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Kilichowajenga vijana wale ni kuendesha kwa bidii chini ya mwalimu. Nanyi mtafuteni anayejua, endesheni nyuma yake, mkajifunze kugawa breki ya mbele na ya nyuma, kusimama juu ya pedeli mteremko unapoanza, na kutazama mbali kuliko gurudumu.

Na siku ya kununua, msifanye haraka. Mwombe muuzaji uipande kwanza. Tafuta mteremko mfupi ulio salama, shuka taratibu, kisha kamata breki zote mbili kwa nguvu. Ikisimama palepale, kaeni mzungumze bei. Isiposimama, mrudishie, hata kama ina shokapu nne.