Je, Mwalimu Afundishe Asichokiona?

Sisi tufundishao watoto huku Mtua twalijua swali la mtoto mwenye akili. Umwambiapo ya kuwa jiwe, maji na mkono wake vimefanyika kwa atomu, na ndani ya atomu mna chembe ndogo zaidi, huutazama mkono wake, kisha huuliza: "Mwalimu, wewe umeziona?" Wengi hujibu, "Imeandikwa kitabuni," wakageukia ubao. Je, hilo ni jibu la mtu mwaminifu?

Hatusemi ni uongo. Hakuna aliyeona kuzaliwa kwake, wala hatumwiti mama mwongo. Walakini mama alikuwapo. Mwalimu huyu hakuwapo, naye aliyemfundisha hakuwapo. Neno lipitalo hivyo kinywa hata kinywa, ijapokuwa ni la kweli, lina tofauti gani na uvumi wa sokoni?

Kwa hiyo twayaona kuwa na faida mafunzo wafanyiwayo walimu wa sekondari na wataalamu wa fizikia. Maabara ya CERN, karibu na Geneva, huwapokea walimu tangu 1998. Hapa Afrika iko shule ya fizikia iliyoanza mwaka 2010, ihamayo nchi hata nchi: mwaka 2016 ilikuwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, na mwaka 2018, huko Windhoek, Namibia, iliwawekea walimu wa sekondari mafunzo yao wenyewe.

Kazi moja ipendwayo katika mafunzo ya namna hii ni kutengeneza chombo cha ukungu. Asili yake ni Charles Wilson wa Scotland, aliyeyatazama mawingu juu ya mlima Ben Nevis mwaka 1894, akatamani kuyafanya chumbani. Mwaka 1911 chombo chake kikaonyesha njia za chembe. Cha leo ni chepesi: sanduku la kioo, juu kitambaa kilicholoweshwa spiriti, chini bamba la chuma juu ya barafu kavu, yenye baridi ya digrii 78 chini ya sifuri. Mvuke hushuka na kupoa. Chembe ipitapo huacha mstari wa ukungu, mwembamba kama uzi wa buibui, ukatoweka. Baadhi ya chembe hizo ni muoni, zizaliwazo angani kimo cha kilomita 15 hivi, nazo hupenya kiganja cha mtu kiasi cha moja kila sekunde, usiku na mchana, hata kanisani.

Mbishi atasema, umeona ukungu, hukuona chembe. Kweli, nasi twalipenda neno lake. Lakini mwindaji naye aonapo nyayo mchangani hasemi amemwona mnyama. Asema amepita hapa, ni mkubwa, achechemea. Waweza kuinama, ukazitazama mwenyewe, ukabishana naye. Mwenye uvumi hana mahali pa kukuinamisha.

Barafu kavu haiuzwi madukani mwetu, na watoto wetu wengi hawatauona uzi ule. Hata hivyo mwalimu aliyekwenda aweza kusema, "Atomu sijaiona, nyayo za chembe nimeziona, na chombo kilifanywa hivi." Asiyekwenda aweza kusema, "Sijaona. Walioona walifanya hivi na hivi." Wako waonao haya kulitamka neno "sijaona" mbele ya darasa, wakidhani heshima itawatoka.

Mtihani, twajua, mara nyingi huuliza idadi ya chembe, wala hauulizi zilijulikanaje. Basi kipindi cha kueleza nyuzi za ukungu ni kipindi kitolewacho kwa hiari, na mzazi atakaye alama ana haki ya kuuliza kilikwenda wapi. Sisi twakitoa.