Ukifika Basel Mwezi wa Kumi

Msikilizaji, tangu mwanasayansi wa Basel, Rudolf Geigy, aanzishe maabara hapa Ifakara mwaka 1957, njia ya kwenda Basel, Uswisi, haijaota nyasi. Mwanangu unayekwenda kusoma huko, majani yakianza kupukutika usijifungie chumbani kwa sababu ya baridi. Nenda kwenye gulio lao, Herbstmesse, lililoanza 1471. Kengele ya kanisa la Martinskirche hulifungua adhuhuri. Mpiga kengele hupewa glavu moja, ya pili huipata gulio likifungwa. Kisha vuka mto Rhine kwa kivuko kisicho na injini: kimefungwa kwenye waya, mkondo wenyewe unakisukuma. Sisi tuliovuka mto Kilombero kwa kivuko kabla ya daraja, hilo linatugusa. Vaa koti zito.