Chui Wetu

Ndugu wasikilizaji wa Minembwe, kushangilia timu inayofungwa si kazi ndogo. Mwaka 1974, kwenye Kombe la Dunia la Ujerumani Magharibi, Chui wa Zaire, kama Kongo yetu ilivyoitwa wakati ule, mabingwa wa Afrika, walifungwa mabao 14 katika mechi tatu, tisa ya hayo na Yugoslavia peke yake. Wao hawakupata hata moja.

Tukabaki nao. Abidjan, Februari 7, 2024, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya wenyeji Côte d'Ivoire: wimbo wa taifa unapigwa, wachezaji wameziba midomo kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mkono wa pili penye panja, kama bunduki. Walikuwa wanasema mateso ya mashariki mwa Kongo, mateso yetu. Haller wa Côte d'Ivoire akatufunga, tukatolewa 1–0. Siku tatu baadaye, tukiwania nafasi ya tatu, Afrika Kusini wakatushinda kwa penalti.

Sijawahi kujivunia ushindi wowote kama nilivyojivunia vijana wale walioshindwa. Wakicheza tena, fungua redio, mwite na jirani wa mlima wa pili.