Sala Iliyowaudhi Watu wa Madyana

Alhamdulillahi, tunamhimidi Allah na tunamswalia Mtume wake Muhammad, rehema na amani zimshukie.

Ndugu zangu wa Fungurume, isomeni tena Sura Hud. Nabii Shuaibu aliwaita watu wa Madyana wamwabudu Allah peke yake, na pale pale akawakataza kupunja vipimo na mizani. Wakamcheza shere. Wakamuuliza kama ni sala yake inayomtuma aje kuwaingilia katika mali zao. Angesali kimya nyumbani kwake, wasingemjali. Kilichowaudhi ni sala kufika sokoni.

Nasi soko letu ni madini. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na nyingi katika hiyo hutoka Lualaba hii. Mchimbaji hushuka shimoni, akapandisha gunia, akalipeleka depo. Huko anapimiwa mara mbili: kwanza kilo, kisha asilimia ya madini kwa kile kifaa tunachokiita metoreksi. Kilo anaweza kuzikisia, maana amezibeba kwa bega lake. Asilimia ataikisiaje? Anaoneshwa nambari, anahesabiwa faranga, anaondoka. Ewe mnunuzi unayeishusha nambari hiyo, jua kwamba Sura al-Mutaffifin imeanza kwa kukutishia wewe, kabla ya kumtaja mwingine yeyote.

Wala mchimbaji asichekelee. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni Madina, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione, kisha akamtoa mwenye kughushi katika kundi lake. Wewe uliyepanga mawe ya kijani juu ya gunia na kushindilia udongo chini, unadhani mkono ule usingefika chini?

Twende kwa wakubwa, kwa kuwa huko ndiko mizani inakopotea bila kuonekana. Sheria ya madini ya 2018 inataka asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mji, sekta au usultani ulio na mgodi, na kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Fedha hizo ni amana. Ni darasa, ni kisima, ni dawa. Mtume alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi alizigawa mali mafungu mawili: hizi zenu, hizi nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari kwa ajili ya jambo hilo moja, akauliza: mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, zawadi ingemfuata? Kila mwenye cheo, awe wa serikali au wa kamati ya msikiti, ajiulize swali hilo anapopokea bahasha.

Najua jibu lenu: mshahara unachelewa, watoto wanafukuzwa shule. Kweli, na anayeuchelewesha amedhulumu, kwani tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Lakini aliyekudhulumu ni mmoja, na unayemlipizia ni mama asiye na kisima. Yeye kakukosea nini?

Sisi Waislamu hapa ni wachache, na jirani zetu wengi hawajui hata aya moja. Wanatusoma katika biashara zetu. Wana kumbukumbu ndefu pia. Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, uko katika eneo hili hili la Lubudi, na wafanyabiashara waliofika huko kutoka Pwani hawakununua shaba na pembe za ndovu peke yake. Walinunua watu. Tusilifiche hilo.

Basi leo, baada ya sala ya Ijumaa, mwenye depo ajaribu mizani yake kwa uzito unaojulikana, wachimbaji wakiwa wamesimama hapo. Mwenye kushika fedha za watu alete daftari lisomwe kwa sauti, faranga kwa faranga. Na aliyekwisha kumpunja mtu anayemfahamu, amtafute amrudishie kabla ya Ijumaa ijayo.